Maswali Tisa na Moyo wa Mtu



Wapendwa waamini, juma hili tumeona vema kuahirisha tafakari tuliyokuwa tumeikusudia, ili tulijibu swali tulilolipokea kutoka kwa akina mama wa vigango vyetu viwili. Wakiwa kliniki na watoto wao wachanga waliulizwa na muuguzi mambo ambayo hawajapata kuulizwa mahali kama pale: kama wanapata usingizi, kama bado wana hamu na kazi zao, kama wanajiona kuwa watu wasio na thamani, na mwishowe, kama imewahi kuwajia fikra kwamba ingekuwa heri wafe. Mmoja wao alikasirika. Alisema amekwenda kumpima mtoto uzito, na mtu anataka kumpima yeye akili, kana kwamba ana wazimu. Mwingine alijibu "hapana" kwa kila swali ili aondoke upesi, ilhali jirani zake wanajua kwamba ana miezi miwili halali, hasongi ugali, wala hatoki nje. Wote wawili wanatuuliza: Je, maswali ya namna hii ni ya haki? Na je, moyo wa mtu waweza kupimwa kwa karatasi?

Jibu letu ni kwamba maswali hayo ni ya haki, tena tumechelewa kuulizwa. Lakini karatasi peke yake haipimi moyo wa mtu. Inabisha hodi tu. Anayebisha hodi sharti aijue lugha ya nyumba ile, tena awe tayari kuingia akifunguliwa. Tungependa kuyaeleza hayo kwa kirefu kidogo, kwa kuwa tunaamini kwamba uhai wa baadhi ya watu wa milima hii yetu unategemea tutakavyoyapokea.

Ugonjwa tunaousema huitwa sonona. Neno hili si geni katika Kiswahili, maana wazee wetu walisema mtu anasononeka pale huzuni ilipomkaa moyoni ikamla polepole. Siku hizi wataalamu wa afya nchini wamelichagua liwe jina la ugonjwa kamili. Tusiuchanganye ugonjwa huu na huzuni ya kawaida. Aliyefiwa hulia, na ni haki yake alie. Aliyepoteza mavuno huhuzunika, na huzuni hiyo ina sababu na ina mwisho. Sonona ni pale moyo unapozimika, ukabaki umezimika karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa muda usiopungua majuma mawili, hata mtu akashindwa kutimiza wajibu wake. Dalili zinazohesabiwa na waganga ni tisa: moyo kuwa mzito na kukata tamaa, kupotewa na hamu ya mambo yaliyokuwa yakimpendeza mtu, usingizi kukatika au kuzidi, kuchoka bila kazi, hamu ya chakula kupungua au kuzidi, kujilaumu na kujidharau, kushindwa kutuliza mawazo, kuwa mzito mno wa mwendo na maneno, au kinyume chake kuhangaika bila kutulia, na kufikiria kifo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu zaidi ya milioni 280 duniani wana ugonjwa huu. Basi asitokee mtu wa kutuambia kwamba ni ugonjwa wa Wazungu au wa watu wa mjini.

Kwa nini basi waulize, wasipime damu? Kwa sababu hakuna damu ya kupima. Malaria ina kipimo chake cha haraka. Tone moja la damu kidoleni na jibu hupatikana kabla mtoto hajamaliza kulia. Sonona haina kipimo cha namna hiyo hapa Manyovu wala katika hospitali kubwa za Ulaya. Haionekani kwa darubini wala kwa picha ya eksirei. Njia pekee ya kuifikia ni mazungumzo: mtu aulizwe, na aseme. Tena wagonjwa wengi hawafiki zahanati wakisema, "moyo wangu umezimika." Husema kichwa kinauma, mgongo unawaka, tumbo halitulii, mwili hauna nguvu. Hupewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani, na baada ya juma huonekana tena katika foleni ile ile. Ndiyo maana maswali yakatungwa, ili tabibu mwenye wagonjwa sitini mlangoni asimpite mtu huyu bila kumwona.

Dodoso linalotumika sana huitwa PHQ-9. Lilitungwa Marekani na madaktari Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, na uchunguzi wa kuthibitisha kwamba linafaa ulichapishwa mwaka 2001. Lina maswali tisa, moja kwa kila dalili tuliyoitaja. Mtu huulizwa ni mara ngapi jambo hilo limemsumbua katika majuma mawili yaliyopita. Kama halikumsumbua hata siku moja, hupata 0. Siku kadhaa, 1. Zaidi ya nusu ya siku hizo, 2. Karibu kila siku, 3. Jumla kubwa kabisa ni 27. Kwa kawaida anayefikisha 10 au zaidi hutakiwa achunguzwe zaidi. Mahali ambapo muda ni mfupi mno, huanza kwa maswali mawili ya kwanza tu, lile la moyo mzito na lile la kupotewa na hamu, na anayejibu kwa kiasi cha kutia shaka ndiye anayeulizwa yote tisa.

Hapa tunaomba usikivu wenu, maana ndipo wengi wanapopotea. Kuchuja ni jambo moja, na kutambua ugonjwa ni jambo jingine. Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi. Tuseme wamefika kliniki akina mama 100, na kati yao 10 wana sonona kweli na 90 hawana. Tuseme tena kwamba dodoso letu ni zuri: huwanasa wagonjwa 8 katika kila 10, na huwaacha huru watu 8 katika kila wazima 10. Basi litawanasa wagonjwa 8 na kuwakosa 2. Lakini katika wale wazima 90, litawanasa 18 wasio na ugonjwa. Jumla ya walionaswa ni 26, na kati yao 8 tu ndio wagonjwa. Hesabu hii haionyeshi kwamba dodoso ni baya. Inaonyesha kazi yake ni ipi. Chekeche huondoa makapi mengi, lakini mpishi bado huketi na ungo akachambua mchele kwa jicho na kidole.

Kuchambua huko ndiko kunakoitwa tathmini, na hakufanywi na karatasi. Tabibu hukaa na mtu. Humwuliza hali hii ilianza lini, na nini kilitangulia. Humpima kama ana upungufu wa damu, maana mama aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua huchoka kama mwenye sonona. Hutazama maradhi mengine na dawa anazotumia. Huuliza juu ya pombe. Huuliza kama kuna wakati mtu huyo alichangamka kupita kiasi, akakesha siku kadhaa bila kuchoka, akatapanya mali na kunena bila breki. Kwa maana huo ni ugonjwa mwingine, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake yaweza kumdhuru. Huuliza kama amefiwa. Na huuliza swali ambalo kwetu lina uzito kuliko yote: je, anaweza kufanya kazi zake za kila siku? Mtu aliyepata 12 katika dodoso na kuambiwa papo hapo, "wewe una sonona," ametendewa isivyo haki. Na yule aliyepata 12 akaambiwa, "nenda, Mungu atakusaidia," ametendewa isivyo haki zaidi.

Tuje sasa kwenye lugha, maana hapo ndipo hoja yetu kubwa ilipo. Liko dodoso jingine la zamani kutoka Marekani, lenye maswali 25, lijulikanalo kwa jina la Hopkins. Moja ya maswali yake humwuliza mtu kama anajisikia buluu. Kwa Kiingereza, mwenye huzuni husema hivyo. Mfasirie bibi wa Munanila neno kwa neno, atakutazama akidhani unamwuliza habari za kitenge chake. Hata hilo la PHQ-9, swali la kushindwa kutuliza mawazo hutoa mfano wa kusoma gazeti au kutazama televisheni. Mama ambaye hajapata kushika gazeti atajibu nini? Mwulize kama anaweza kuyafuata mahubiri hadi mwisho, au kuhesabu chenji gulioni bila kurudia mara tatu, hapo atakujibu. Swali la hamu ya chakula nalo lina mtego wake. Katika miezi ambayo ghala ni tupu, mtu hali kwa sababu hakuna cha kula. Na mama anayenyonyesha hukatika usingizi kwa sababu mtoto analia. Ukijumlisha namba bila kuuliza sababu, utaiandika njaa na utunzaji wa mtoto kuwa ugonjwa wa moyo.

Wenye hekima katika elimu hii waliliona jambo hilo zamani, na baadhi yao walilionea papa hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Daktari Mwingereza John Cox alifanya kazi Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1970, akawahoji akina mama wa Uganda waliokuwa wajawazito na waliojifungua. Aliwakuta na jina lao wenyewe, amakiro, la ugonjwa unaompata mama baada ya uzazi. Baadaye, akiwa Uskoti pamoja na Jeni Holden na Ruth Sagovsky, alitoa mwaka 1987 dodoso la maswali 10 kwa ajili ya akina mama waliojifungua, ambalo sasa linatumika duniani kote kwa jina la Edinburgh. Ndani yake waliacha makusudi dalili kama uchovu na hamu ya chakula, kwa kuwa hizo humbadilika kila mama aliyetoka kujifungua. Aliyeulizwa kliniki juu ya moyo wake asione kwamba ametukanwa. Ameulizwa kutokana na elimu ambayo sehemu ya mizizi yake iko katika vijiji vya majirani zetu.

Nchini Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, mtafiti Paul Bolton na wenzake hawakuanza na karatasi yao. Walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe ni taabu zipi zimewapata. Wakajibiwa, miongoni mwa mengine, agahinda gakabije, yaani huzuni iliyozidi kiasi. Kinyarwanda ni ndugu wa Kirundi na wa Kiha, na wengi wenu mmelielewa neno hilo kabla hatujalifasiri. Kisha waliuliza jambo jingine la busara: hapa kijijini, mwanamke mzima mwenye afya hufanya kazi zipi? Na mwanamume je? Kutokana na majibu hayo wakatunga namna ya kupima jinsi mtu alivyoshindwa kutimiza kazi za kwao, wala si kazi za Marekani. Na nchini mwetu, watafiti wa Muhimbili wakiwa na Profesa Sylvia Kaaya walilipima lile dodoso la Hopkins kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI, na mwaka 2002 wakatangaza matokeo yao: lilifaa, lakini kiwango cha kumtenga mgonjwa na mzima kilikuwa chini kuliko kile cha 1.75 kilichozoeleka kwingineko. Mwaka 2008 wakatoa dodoso la Dar es Salaam lenye maswali 19, lililojengwa juu ya namna wenyeji wenyewe wanavyozieleza taabu zao. Somo ni hili: mizani iliyotengenezwa mbali yaweza kutumika, ila kwanza ipimwe kwa jiwe la hapa.

Zaidi ya maneno, kuna adabu. Sisi tumelelewa kujibu "nzuri" kabla hatujasema lolote. Ukimwuliza jirani habari za nyumbani, atakujibu, "Nzuri, ila jana tumezika." Ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka hujibizana "amahoro," amani, hata nyumba ikiwa inawaka moto. Huo si uongo, ni heshima. Lakini muuguzi mwenye haraka, anayesimama na kalamu huku mama mkwe na majirani wamekaa benchi lile lile wakisikiliza, ataandika jibu la heshima na kudhani amepata jibu la moyo. Kwa hiyo tunasema: swali la kwanza ni salamu. Ni lile la pili, linaloulizwa faraghani, na mtu aliyeketi chini, ndilo linalofungua mlango. Anayeuliza maswali ya moyo mbele ya watu amekwisha kulipata jibu la uongo kabla hajamaliza kuuliza.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Milima yetu imepakana na Burundi, na njia zetu zimepokea watu waliokimbia mwaka 1972, tena mwaka 1993, na tena mwaka 2015. Kasulu iliwapokea Wakongomani pale Nyarugusu tangu mwaka 1996, na Kibondo na Kakonko zikawa na kambi zao. Wengine wamerudi makwao, wengine wamezaa watoto na wajukuu huku. Kati ya waliowapokea nao, wako waliogawana shamba na kisima, wakabeba msiba wa wengine juu ya msiba wao. Pale Nyarugusu ulifanyika mradi ulioitwa Nguvu, uliowahudumia wanawake wa Kikongo waliokuwa wakipigwa na waume zao na wenye majonzi mazito. Walichujwa kwanza kwa maswali, kisha wakasaidiwa katika vikundi. Mradi ule ulitambua jambo ambalo karatasi haliwezi kulisema lenyewe: kwamba nyuma ya namba kubwa yaweza kuwapo fimbo ndani ya nyumba. Mama wa namna hiyo ukimpa kidonge tu na kumrudisha kwa anayempiga, hujamtibu.

Tuseme pia juu ya swali la tisa, lile la kifo, maana ndilo lililowaudhi wengi. Wapo wanaohofia kwamba ukimwuliza mtu kama anafikiria kufa, umemtia wazo hilo. Utafiti uliofanywa mara nyingi haukuona hivyo. Aliye na wazo hilo tayari huwa amelibeba peke yake kama mzigo wa moto, na anapoulizwa kwa upole hupata mahali pa kuutua. Akijibu "ndiyo," hata kama jumla ya maswali mengine ni ndogo, huyo asiachwe peke yake siku hiyo. Aulizwe kwa utaratibu zaidi, ndugu anayemwamini aitwe, vitu vinavyoweza kumdhuru viondolewe karibu naye, na apelekwe kwa tabibu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hakuna maradhi ambayo methali hii inayahusu kuliko haya.

Sababu moja ya watu kuficha ni woga wa sheria. Katika nchi zetu jaribio la kujiua limehesabiwa kwa miaka mingi kuwa kosa la jinai, na mtu aliyeokolewa hujikuta akiogopa askari kuliko anavyoogopa ugonjwa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomwadhibu mtu wa namna hiyo, kinapingana na Katiba. Sisi tunaona hukumu hiyo ni ya busara, na tungefurahi wanasheria wetu wakiitafakari. Sababu nyingine ni woga wa Kanisa. Hapa tuseme waziwazi: Katekisimu inafundisha kwamba mahangaiko mazito ya nafsi, hofu kuu na mateso hupunguza wajibu wa mtu aliyejiondoa uhai, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, Kanisa humwombea. Basi asitokee mwanajumuiya wa kuinyima faraja familia iliyofikwa na msiba huo.

Baadhi ya viongozi wetu wa jumuiya, kwa nia njema kabisa, wamependekeza kwamba tuchapishe maswali hayo tisa, na kila jumuiya ndogo ndogo ipite nyumba kwa nyumba ikiwahesabia watu alama. Tunawashukuru kwa moyo wao, lakini hatukubaliani nao, na tungependa kuzitaja sababu.

Kwanza, ni siri. Alama ya mtu ikishajulikana na watu kumi wanaosali pamoja, kesho itajulikana kisimani. Atakayeitwa "yule wa kumi na nane" hatarudi tena jumuiyani.

Pili, ni kazi yenye ujuzi wake. Wasio matabibu wanaweza kufundishwa kuifanya, na wakaifanya vizuri; lakini hufundishwa, husimamiwa, na huwa na mtu wa kumkabidhi mgonjwa. Bila hayo, karatasi mikononi mwetu ni kisu mikononi mwa mtoto.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: si halali kumwuliza mtu kama anaumwa, kisha usiwe na la kumpa. Kupima bila kutibu ni kufungua kidonda na kuondoka. Msaada nao hauhitaji daima daktari bingwa. Katika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulihusisha vijiji 30. Watu wa kawaida walifundishwa kuongoza vikundi vilivyokutana mara moja kwa juma kwa majuma 16, vikizungumza juu ya misiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke. Baada ya majuma hayo, katika vikundi waliobaki na hali ya kuitwa wagonjwa walikuwa asilimia 6.5, ilhali kwa wasiohudumiwa walikuwa asilimia 54.7. Huko Zimbabwe, Dakta Dixon Chibanda tangu mwaka 2006 amewafundisha bibi wazee kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Huwachuja kwa maswali yaliyotungwa kwa Kishona, kisha huwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Wazee wenye busara na subira hata sisi tunao. Wanachokosa ni kufundishwa.

Basi jumuiya zetu zifanye nini? Zifanye kile ambacho dodoso haliwezi: kuona. Tabibu humwona mtu kwa dakika kumi. Ninyi mnamwona mwaka mzima. Mnajua kwamba mama fulani hakosi msibani, na sasa amekosa misiba mitatu. Mnajua kwamba baba fulani alikuwa wa kwanza kuianika kahawa yake, na mwaka huu imeozea mtini. Mnajua kijana aliyekuwa akiimba besi kwaya nzima ikamsikia, ambaye sasa hukaa nyuma kabisa na kuondoka kabla ya baraka. Mnamjua mwanamume ambaye huzuni yake haitoki kwa machozi, hutoka kwa ukali na kwa pombe. Ninyi ndio kipimo cha utendaji wa mtu, kile ambacho akina Bolton walikitafuta vijijini. Mkiona hivyo, msimpe mtu jina la ugonjwa, wala msimwambie amerogwa, wala msimwambie imani yake ni haba. Nendeni wawili, mkae naye, mwulizeni hali, na akisema "nzuri," mwulizeni mara ya pili. Kisha msindikizeni zahanati. Msimtume peke yake; mtu ambaye kutoka kitandani ni safari hawezi kupanda kilima.

Kwa wahudumu wa afya wanaotusoma, tunawaombea na tunawaomba. Ulizeni kwa lugha ambayo mtu huyo huliilia. Kwa wazee wetu wengi lugha hiyo ni Kiha. Tafuteni chumba, au hata mti wenye kivuli mbali na foleni. Elezeni kwanza kwa nini mnauliza, ili mtu asidhani anaitwa mwendawazimu. Na kabla hamjauliza, jueni mtampeleka wapi atakayejibu "ndiyo."

Je, sala ina nafasi gani? Ina nafasi yake, wala haigombani na dawa. Mtakatifu Yohane Paulo II alizungumza na wajumbe wa mkutano uliofanyika Vatikano kuhusu ugonjwa huu Novemba 2003, akaueleza kuwa pia ni jaribu la kiroho, na akawataka wanaowazunguka wagonjwa wawasaidie kuona tena kwamba wanapendwa. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, nabii Eliya alipolala chini ya mti akiomba afe, Mungu hakumkemea kwa uhaba wa imani. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena. Na ndipo, baada ya safari ndefu, akamwuliza anafanya nini pale. Akamwuliza mara mbili, na mara zote mbili akamsikiliza hadi mwisho. Utaratibu huo unatutosha sisi sote, mapadre, waganga na wanajumuiya.

Kwa hiyo, mama mpendwa, utakapoulizwa tena kliniki, usikasirike, wala usijibu kwa haraka ili uondoke. Omba mzungumze pembeni, kisha useme kweli. Na ninyi mnaosoma haya mkijijua kwamba moyo umezimika, msingoje hadi muulizwe. Mwambieni mtu mmoja leo hii, nanyi fikeni katika kituo cha afya kilicho karibu. Mlango wa nyumba ya mapadre nao uko wazi.

Tunawatakia juma jema. Mungu awabariki.

Paroko wenu